Walivyotoka Majini Waosha Magari wa Kisumu

Reli ilipofika hapa mwaka 1901, kituo kikiitwa Port Florence, Nam Lolwe, yaani Ziwa Victoria, lilikuwa njia ya meli kwenda Uganda. Magari yalipoongezeka mjini, ufuo ukazaa kazi nyingine. Pale Lwang'ni, karibu na vibanda vya samaki, dereva alikuwa akiingiza matatu ziwani mpaka magurudumu yakazama nusu, na vijana wakaingia nayo wakiwa na ndoo, matambara na sabuni ya unga. Mtaji ulikuwa mikono, maji yalikuwa ya bure.

Bei yake ililipwa na mwili. Konokono wa ziwa hili hueneza kichocho, na anayeshinda majini kutwa ndiye hupata zaidi. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na wenzao wa Marekani waliwafuatilia waosha magari hao, wakawatibu kwa dawa ya praziquantel, kisha wakahesabu magari waliyoosha ili kupima walivyogusana na maji kabla ya kuambukizwa tena. Matokeo yalitoka mwaka 2002 katika jarida la Lancet: wapo walioambukizwa upesi kila mara, na wapo ambao miili yao ilijenga kinga baada ya kutibiwa tena na tena. Elimu hiyo ya kichocho ilipatikana kwa jasho la vijana wetu, nao wanastahili heshima yake.

Mwaka 2006 zikaja Kanuni za Ubora wa Maji za kukataza uchafuzi, na mafuta ya magari yaliyooshwa yalikuwa yakibaki ziwani. Lakini mwenye watoto wa kulisha, ukimfukuza asubuhi, jioni amerudi. Mimi ni fundi wa mashine za kuoshea magari, mtaani Kondele, na nilichoona kikiwatoa watu majini ni pampu.

Huko Ujerumani, Alfred Kärcher alitengeneza mashine ya kuosha kwa maji moto yenye presha kubwa mwaka 1950. Iliyowafaa vijana wetu ni ya hali ya chini: pampu ya pistoni tatu, jamii ya zile za kunyunyizia dawa mashambani, inayozungushwa kwa mkanda na injini ndogo ya petroli. Haihitaji stima, na maji huvutwa kutoka kwenye tangi.

Kuoanisha pampu na injini kuna hesabu yake. Zidisha presha ya bar kwa lita zinazotoka kwa dakika, ugawanye kwa 600. Hizo ndizo kilowati zinazochukuliwa na maji. Lita 20 kwa bar 35 ni kama kilowati 1.2. Ukiongeza nguvu inayopotea kwenye pampu na mkanda, unafika kama nguvu za farasi 2, basi injini ya farasi 3 inatosha. Ukiifunga ya 6.5, unachoma petroli bure. Lakini mteja akitaka bar 150 na lita 15, maji peke yake yanadai kilowati 3.75, na hiyo ya 6.5 itahema kutwa mpaka ife. Kisha kuna puli. Injini inazunguka mara 3,600 kwa dakika, pampu inataka kama 900, kwa hiyo puli ya pampu iwe na kipenyo mara nne ya kile cha puli ya injini. Puli zikilingana, pampu huchemka na sili zikapasuka.

Mwaka 2019, bandari ilipokuwa ikifufuliwa, vibanda vya Lwang'ni vilibomolewa. Hata hivyo ziwa bado liko wazi, na wapo wanaoingiza magari hadi leo. Kikundi cha waosha magari kikiuziwa injini inayokula faida ya siku nzima, kitarudi kwenye maji ya bure na kichocho chake. Ndiyo maana nawaomba mafundi wenzangu: pigeni hesabu mbele ya mteja, mumfundishe na yeye aipige, na mumhimize achimbe shimo la kunasia mafuta kabla maji machafu hayajashika mtaro wa kuelekea ziwani.