Kompyuta kuukuu: tuitengeneze au tununue nyingine?

Najua nimekuwa kimya hapa kwa muda mrefu, mnisamehe. Kilichonirudisha kwenye kibodi ni simu ya Mama.

"Hii mashine yenu nikiiwasha naenda jikoni, napika chai, nakunywa, nikirudi bado inazunguka," alisema. Anaitumia kuweka hesabu za chama chake, na mjukuu wake hufanyia kazi za shule hapo hapo. Kaka yangu alitaka itupwe, tuchange shilingi elfu arobaini na tano tununue laptopu mpya. Mimi nikasema ngojeni kwanza niifungue niione. Kaka alicheka sana. Ana sababu ya kucheka.

Mwaka 2003 Baba alinunua kompyuta yetu ya kwanza, mtumba kutoka ng'ambo, kwa elfu ishirini na tano. Ilikuwa Pentium III ya megahezi 500 yenye memori ya megabaiti 64. Ilikuja na Windows 98 na ilikimbia vizuri tu. Mimi nilikuwa nimetoka kidato cha nne, najiona fundi, nikaiwekea Windows XP. Microsoft wenyewe walikuwa wameandika kwamba XP inataka angalau megabaiti 64, na wakapendekeza 128. Sisi tulikuwa kwenye mstari wa chini kabisa. Mashine ikawa konokono.

Nikamshauri Baba tuongeze memori. Tukashuka Luthuli Avenue, tukanunua, ikasaidia kiasi. Basi nikanogewa, nikataka prosesa mpya. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Pentium III yetu ilichomekwa kwenye mwanya mrefu ulioitwa Slot 1, ikisimama wima kama kaseti ya mchezo wa video. Intel walikuwa wameshauacha mwanya huo, wakaenda Socket 370, kisha 423, kisha 478. Kwa hiyo prosesa mpya ilidai madabodi mpya. Madabodi mpya ilidai memori ya DDR, na ile tuliyotoka kununua haikuingia. Pentium 4 nayo ikataka pawasaplai yenye plagi ya ziada ya pini nne. Kufikia mwisho wa 2004 Baba alikuwa ametoa elfu thelathini na moja, kidogo kidogo, juu ya zile ishirini na tano. Mwaka uliofuata kapasita za madabodi zikavimba vichwa, zikatoa ute wa kahawia, na mashine ikawa inajizima yenyewe katikati ya kazi.

(Siku hizo sikujua, lakini haikuwa bahati mbaya yetu peke yetu. Madabodi nyingi duniani zilizotengenezwa miaka ile zilikuwa na kapasita zenye kimiminika kibovu ndani.)

Baba hakunilaumu hata siku moja. Kaka ndiye aliyenipa jina: Fundi Thelathini na Moja. Bado ananiita hivyo.

Nilikosea wapi? Nimelifikiria swali hili kwa miaka, na naona jibu limo katika historia ya mashine zenyewe.

Tuanze 1981. IBM walipotoa kompyuta yao binafsi mwezi wa Agosti mwaka huo, waliiunda ifunguliwe. Ilikuwa na nafasi tano za kupachika kadi, na kitundu kitupu kwenye madabodi cha kuongezea chipu ya hesabu iitwayo 8087. IBM waliuza hata kitabu chenye michoro ya saketi zake. Memori ilianzia kilobaiti 16 tu, wakijua kwamba mwenye nayo ataongeza. Kwa hiyo wazo kwamba kompyuta hutengenezwa na kuongezwa polepole, kama nyumba ya kijijini inayopata chumba kila mavuno, halikutoka kwa mafundi wa mtaani. Lilitoka kiwandani.

Kilichoharibu hesabu hiyo ni kasi ya maendeleo. Gordon Moore alikuwa amesema mwaka 1965 kwamba idadi ya vijenzi kwenye chipu inaongezeka maradufu kila mwaka, na 1975 akarekebisha ikawa kila miaka miwili. Miaka ya 1990 wanunuzi waliyaona hayo kwa macho. Pentium ya kwanza, 1993, ilikuwa ya megahezi 60 na 66. Machi 2000 kulikuwa na Pentium III ya megahezi 1,000. Kompyuta ya miaka minne ilikuwa ajuza. Intel walijaribu kuwauzia watu kiraka: mwaka 1995 walitoa Pentium OverDrive, chipu ya kuchomeka mahali pa 486 ya zamani. Lakini ilibidi ipitie kwenye memori na madabodi zile zile za zamani. Ni kama kumpa mwanariadha hodari viatu vya mtoto.

Na programu hazikusubiri. Windows 95 iliomba megabaiti 4, Windows 98 ikaomba 16, XP ikaomba 64. Februari 1995 Niklaus Wirth, Mswisi aliyebuni lugha ya Pascal, aliandika makala akilalamika kwamba programu zinapungua kasi haraka kuliko mashine zinavyoongeza kasi. Mimi ninayekula mkate wa kuandika programu nakiri: alikuwa anatusema sisi. Tukipewa memori, tunaijaza.

Sasa mnaona kosa langu la 2004. Katika enzi ile kila kipande kilikuwa kinakimbia: prosesa, memori, soketi, hata plagi ya umeme. Ukivuta uzi mmoja shati zima linafumuka. Jibu sahihi lilikuwa kurudisha Windows 98, au kuongeza memori ile moja na kukomea hapo, na siku ikizidiwa kabisa kununua mtumba mwingine mzima.

Lakini ajabu ni hii: mwaka huo huo Baba akimaliza pesa zake, enzi yenyewe ilikuwa inafika mwisho. Mwaka 1974 Robert Dennard na wenzake wa IBM walikuwa wameonyesha kwamba transista zikipunguzwa ukubwa, umeme zinaotumia hupungua kwa kiasi kile kile, kwa hiyo unaweza kuongeza kasi bila chipu kuungua. Kanuni hiyo ilidumu kama miaka 30, kisha ikagonga ukuta. Joto lilizidi. Mei 2004 Intel walifuta mradi wao wa Tejas uliokuwa urithi Pentium 4. Novemba wakatoa Pentium 4 ya gigahezi 3.8, na ngazi ikakomea pale. Tangu hapo chipu ziliongezewa viini na akili, sio mbio za zamani. Matokeo yake ni kwamba prosesa nzuri ya 2012 bado inafaa kwa kazi za nyumbani leo. Prosesa ya 1992 ilikuwa haifai kitu mwaka 2000.

Basi kwa nini kompyuta ya 2012 inakuwa konokono?

Nenda kwenye diski. Diski kuu ya kawaida ni sahani inayozunguka, na kichwa cha kusomea kinachoruka huku na huku. Seagate walitoa diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika mwaka 1992. Miaka 20 baadaye kompyuta za mezani zilikuwa bado zinauzwa na diski za mizunguko hiyo hiyo 7,200! Diski ziliongezeka ukubwa ajabu, lakini mzunguko mmoja bado ni milisekunde 8.3, na ukijumlisha safari ya kichwa, diski haiwezi kufuata vitu vilivyotawanyika zaidi ya mara mia hivi kwa sekunde. Prosesa inakaa inangoja kama abiria stendi.

Halafu memori ikijaa, mfumo endeshi huanza kuhamishia mizigo kwenye diski hiyo hiyo, kisha kuirudisha. Ile krr-krr-krr na taa isiyozima ndiyo hiyo. Tulikuwa tunaformati kila miezi sita tukidhani tumetibu ugonjwa. Mara nyingi tulikuwa tumepunguza mizigo tu, na baada ya muda ilirudi.

Septemba 2008 Intel walitoa X25-M, diski ya SSD isiyo na sahani wala kichwa, chipu tupu. Waliitangaza kwamba inasoma vipande vidogo vilivyotawanyika hadi 35,000 kwa sekunde. Ile ya gigabaiti 80 iliuzwa dola 595, bei ya kompyuta nzima, kwa hiyo ilipita bila sisi kuiona. Kwa maoni yangu ndicho kipande kilichobadilisha hesabu ya kutengeneza au kununua kuliko kingine chochote tangu 1981. Na kinaingia kwenye kebo ile ile ya SATA ya diski ya zamani. Hakidai madabodi mpya. Hakidai pawasaplai.

Kuna gharama nyingine ambayo haimo kwenye risiti. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa walikadiria kwamba kutengeneza kompyuta moja ya mezani pamoja na skrini yake ya inchi 17 kulitumia angalau kilo 240 za mafuta na makaa, kilo 22 za kemikali na kilo 1,500 za maji. Kompyuta za leo ni tofauti na zile, lakini sehemu kubwa ya uharibifu bado hutokea kabla hujaiwasha.

Nilienda Nakuru Jumamosi. Mashine ya Mama ni Core i5 ya 2012, tuliyoinunua mtumba mwaka 2015. Nikafungua Task Manager: prosesa asilimia 9, memori asilimia 93, diski asilimia 100. Nikamwonyesha Kaka. Prosesa ilikuwa imelala usingizi. Nilifungua kasha nikakagua kapasita moja moja (mara hii sikusahau), zote zilikuwa bapa.

Lakini Kaka alikuwa na swali zuri, na sikulitarajia kutoka kwake. "Na Windows je? Si wamesema imekwisha?" Ni kweli. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, ingawa Microsoft waliongeza mwaka mmoja wa viraka vya usalama kwa wanaojiandikisha. Windows 11, iliyotoka 2021, inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na kwa upande wa Intel prosesa za kizazi cha nane, yaani za kuanzia 2017. Hili ni jambo jipya. Zamani mashine ilikataliwa kwa sababu haiwezi mbio. Sasa inakataliwa ikiwa bado inaweza.

Tulikaa mezani tukajadiliana. SSD ya gigabaiti 240, elfu tatu na mia tano. Memori ya DDR3 ya mtumba kufikisha gigabaiti 8, elfu moja na mia tano. Linux Mint, bure. Mama anatumia kivinjari na jedwali la hesabu, na LibreOffice ilifungua faili zake zote isipokuwa moja iliyopoteza rangi. Elfu arobaini zilizobaki zitaenda kwenye karo ya mjukuu. Kama ingekuwa laptopu nyembamba ambayo memori yake imelehemiwa kwenye madabodi, ningekubaliana na Kaka.

Sasa inawaka kwa sekunde 20 na kidogo. Nimewaambia wote ukweli: madabodi ikifa, sitatafuta nyingine, nimeshatembea njia hiyo. Mama alisema tutaliona hilo likifika, na sasa niondoke kwenye kiti kwa sababu ana michango ya wanachama 14 ya kuingiza kabla ya mkutano wa Jumapili.