Bei ya Miaka Ambayo Bado Haijaja

Waandishi wa tarikhi ya pwani ya Kerimba, yaani pwani ile inayoanza ghuba ya Pemba ya Msumbiji ikapanda kaskazini kwa Kisanga, Ibo, Mocímboa da Praia na Tungi hata mlango wa mto Ruvuma, aghalabu hupenda kukaa juu ya bidhaa zilizoipa sifa: nguo za maluane zilizotiwa nili, ambazo katika karne ya 16 zilijulikana hata Wareno wakaviita visiwa vyenyewe kwa jina lake, kauri, magamba ya kasa, ambari, ufuta, na pembe za ndovu zilizoshuka kutoka bara mabegani mwa wachukuzi wa Kiyao. Ni bidhaa njema kuzungumzia, na mwenye kuzitaja huuacha moyo wa msomaji umetulia. Lakini kwa muda wa karne moja na zaidi, tangu kati ya karne ya 18, mali iliyojenga sehemu kubwa ya majumba ya mawe ya Ibo ilitokana na binadamu, na katika binadamu aliyetafutwa kuliko wote alikuwa kijana. Habari ya kijana huyo ndiyo nitakayoieleza: nani alimkadiria, kwa kipimo gani, na kwa sababu gani.

Mfanyabiashara aliyenunua pembe alinunua kitu kilichokwisha kukua. Aliitia mizani, akaona ratili zake, akajua. Aliyenunua kijana hakununua nguvu alizoziona tu, bali alinunua miaka ambayo bado haijaja, na kwa kuwa miaka hiyo haitiwi mizani, ilimlazimu atafute alama zake mwilini: kimo, meno, macho, ngozi, pumzi, namna ya kusimama. Kila mnunuzi alidai kuwa ana elimu hiyo. Na kwa kuwa kila mmoja alikuwa na kazi yake ya kumtia kijana na bahari yake ya kumvusha, kila mmoja alikuwa na hesabu yake, hata mtoto yule yule akawa ghali katika bandari moja na rahisi katika bandari nyingine.

Wafaransa wa Île de France na Bourbon, visiwa vinavyoitwa leo Morisi na Réunion, ndio walioibadili pwani hii katika karne ya 18. Mashamba yao ya kahawa, na baadaye ya miwa, yalitaka watu kila mwaka, na ijapokuwa sheria ya Ureno iliwakataza raia wake kufanya biashara na wageni bila idhini, marikebu za Kifaransa zilitia nanga Ibo na kuondoka zimejaa, maana wakubwa wa serikali wenyewe walikuwa washirika katika faida. Upande wa kaskazini, huko Kilwa, Mfaransa Jean-Vincent Morice alifunga mkataba na Sultani Hassan bin Ibrahim tarehe 14 Septemba 1776, ambao kwao aliahidiwa watumwa 1,000 kwa mwaka, kwa piastre 20 kila mmoja, na piastre mbili zaidi ziwe hidaya ya sultani kwa kila kichwa.

Msomaji atazame mkataba huo kwa makini. Haukutofautisha mtoto na mtu mzima, wala mwenye siha na aliyekonda kwa njia ndefu ya kutoka Nyasa. Mtu akidhani kuwa bei moja kwa wote ni ishara ya kupuuza tofauti, atakuwa hakuifahamu biashara; maana palipo na bei moja, faida yote huenda kwa mwenye haki ya kuchagua, na kwa piastre zile zile 20 atamtwaa kijana wa miaka kumi na saba na kumwacha aliyekwisha kutumikishwa mwili. Ukadiriaji ulikuwapo, ila haukuandikwa.

Katika bahari ya Magharibi, Wareno na Wahispania walikwisha kuuandika zamani. Hesabu yao ilikuwa kwa kipande kimoja kamili, ambacho kilikuwa kijana mwenye siha, wa baina ya miaka kumi na mitano na ishirini na mitano hivi, mwenye kimo cha shibiri saba. Na wengine wote walihesabiwa kwa kulinganishwa naye. Watoto watatu wa miaka minane hadi kumi na mitano walifanya vipande viwili. Wadogo kuliko hao, wawili walifanya kimoja. Na mchanga wa kunyonya alikwenda na mamaye bila kuhesabiwa. Nisomapo hesabu hii hunishika huzuni kubwa zaidi kuliko nisomapo habari za minyororo, kwa sababu mnyororo hutiwa na mtu aliyeghadhibika au aliyeogopa, ilhali kumfanya mtoto kuwa theluthi mbili za mtu ni kazi ya mtu aliyekaa kitako, ametulia, na kalamu mkononi.

Unguja hapakuwa na shibiri saba, palikuwa na dalali. Kapteni Thomas Smee, Mwingereza aliyefika huko mwaka 1811, alieleza jinsi watumwa walivyopangwa safu, wadogo mbele na wakubwa nyuma kwa kadiri ya kimo na umri, wamesafishwa na kupakwa mafuta miili ing'are. Dalali akiwatembeza sokoni na kunadi bei zao, na mnunuzi akisimamisha safu alipoona anayemtaka, akamfunua kinywa, akamtazama meno, akaulizia maradhi, hata akaulizia kama hukoroma usingizini. Vijana wengi waliosimama katika safu hizo walitoka bara ya Ruvuma na nyanda za Wamakua, wakiwa wamepitia Kilwa au bandari ndogo za Tungi, ambako sultani wake alikuwa baina ya mamlaka ya Unguja na madai ya Ureno mpaka Wareno walipoipiga kwa mizinga na kuitwaa mwaka 1887.

Kwa nini wadogo mbele? Hapa ndipo ilipo siri ya biashara yenyewe. Mwenye shamba wa Réunion alitaka mikono ya kazi tangu siku ya kwanza, na kwake mtoto alikuwa gharama ya chakula kwa miaka kadhaa kabla ya kuleta jembe moja la faida. Kadhalika nahodha wa Brazil, aliyelazimika kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema kwa miezi, alihesabu ni nani atakayekufa njiani kabla ya kuhesabu ni nani atakayefanya kazi. Lakini mwenye nyumba wa Unguja, Maskati au Ngazija, ambaye safari yake ilikuwa ya pepo za msimu na kazi yake ilikuwa ya uani, chomboni na dukani, alimtaka mtoto hasa, kwa sababu mtoto hufundishika: atajifunza lugha, atasali, atajua desturi za nyumba, na baada ya miaka michache hataitwa tena mjinga aliyetoka bara, bali atakuwa karibu na mzalia. Alichokinunua huyu kilikuwa usahaulifu. Alikadiria ni miaka mingapi itapita kabla kitwana hajaacha kumwita mama yake kwa lugha ya kwao, na kadiri miaka hiyo ilivyokuwa michache, ndivyo bei ilivyopanda.

Wala watu wa pwani wasidhani kwamba babu zao walikaa siku zote upande wa kununua. Mwanzoni mwa karne ya 19 Wabukini, yaani Wasakalava na Wabetsimisaraka wa Madagaska, walivuka bahari kwa mitumbwi mamia na kuvipiga visiwa vya Kerimba mara kwa mara, wakachoma vijiji na kuchukua mateka. Na mtoto wa tajiri wa kisiwani aliyelala jioni katika nyumba yenye vijakazi aliweza kuamka amekuwa yeye ndiye wa kukadiriwa katika soko la ng'ambo. Ngome ya Mtakatifu Yohana iliyojengwa Ibo mwaka 1791 iliulinda mji wa Ibo. Visiwa vingine vilibaki wazi.

Bara nako watu walijibu kwa njia yao. Uwanda wa juu wa Wamakonde, kusini ya Ruvuma, ni nchi isiyo na maji. Wanawake walishuka mabondeni kuyateka na kupanda nayo mwinuko mrefu. Mtu asiyejua tarikhi atauliza kwa nini watu walichagua kukaa huko. Walikaa kwa sababu vichaka vya miiba vilivyozunguka vijiji vilikuwa vinene hata mgeni asijue njia, na kwa sababu mwindaji wa watu aliogopa kiu. Huo nao ulikuwa ukadiriaji wa vijana, tena wa haki: jamaa walipima taabu ya maji kila siku kwa maisha yote, wakaipima na watoto wao, wakaona watoto ni wazito zaidi. Katika nasaba zinazohesabiwa kwa upande wa mama, kama za Wamakonde na Wamakua, kuondoka kwa msichana mmoja kulikuwa ni kukatika kwa tawi zima la ukoo, jambo ambalo hakuna dalali aliyelitia katika bei.

Ureno ilipiga marufuku kusafirisha watumwa kwa amri ya tarehe 10 Desemba 1836, na mwaka 1842 ikafanya mkataba na Uingereza. Unguja ililifunga soko lake kwa mkataba wa 5 Juni 1873. Biashara haikukoma, bali ilijificha, na kujificha kukabadili hesabu tena, maana katika jahazi dogo lenye kukimbia manowari, mtoto hushika nafasi ndogo, hapigani, na huweza kusemwa kuwa ni mwana wa baharia. Katika majahazi yaliyokamatwa walikutwa watoto wengi. Picha zilizopigwa ndani ya manowari ya Kiingereza Daphne mwaka 1868 zingalipo, na anayezitazama ataona mbavu.

Wafaransa wao walibuni mkataba. Kijana alinunuliwa kama zamani, kisha akaulizwa mbele ya mkalimani kama amekubali kwenda kufanya kazi kwa miaka kadhaa Réunion, na jibu likaandikwa kuwa amekubali. Mwaka 1857 Wareno waliikamata marikebu Charles et Georges karibu na kisiwa cha Msumbiji ikiwa na watu 110 wa namna hiyo, ambao walipoulizwa walisema kuwa hawakwenda kwa hiari. Ufaransa ikapeleka manowari Lisbon mwaka 1858, na Ureno ikalazimika kuirudisha marikebu na kulipa fidia. Kwa watu wale 110 haikulipwa fidia yoyote. Mwaka uliofuata Napoleon wa Tatu alikataza uajiri huo katika pwani ya mashariki ya Afrika, lakini kalamu ilikwisha kujifunza kuandika ridhaa ya mtu asiyeridhia.

Kalamu hiyo iliitumikia pia Kampuni ya Niassa, ambayo kwa hati yake ya mwaka 1891 ilipewa kutawala nchi yote ya baina ya Lurio na Ruvuma, mpaka 1929. Kampuni haikuwa na mtaji wa kutosha kulima wala kujenga. Ilikuwa na kodi ya nyumba na ilikuwa na vijana. Iliwatoa kwa machimbo ya dhahabu ya Transvaal, ikilipwa kwa kila kichwa, na huko madaktari wakawapima upya. Vijana wa nchi za joto walikufa kwa kichomi kwa wingi hata serikali ya Afrika Kusini yenyewe, mwaka 1913, ikakataza kuajiri watu wa kaskazini ya latitudo 22. Waliobaki wakafanywa wapagazi katika vita vya Wajerumani, na wengi, ili kuikimbia kodi na shuruti, walivuka Ruvuma wakawa manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika, ambako angalau mshahara ulikuwapo.

Zama zetu pia zina watu ambao kazi yao ni kukadiria miaka ijayo ya vijana. Katika ligi kubwa ya hoki ya barafu ya Kanada na Marekani, vilabu huchagua kwa zamu, kila mwaka, vijana, wengi wao wa miaka 18, na haki ya kumchezesha kijana ambaye bado hajagusa barafu ya ligi hiyo hubadilishwa na mchezaji aliyekomaa. Na wajuzi hutazama kimo, kasi na mifupa ya kijana, wakihesabu atakuwa nani baada ya miaka mitano. Kufananisha hayo na soko la Unguja ni kuwadhulumu waliosimama katika soko lile, maana mchezaji ana mkataba aliousoma, ana mshahara, ana wakala, na anaweza kukataa. Ninayataja kwa sababu moja tu: hata huko, penye daftari na vipimo vya kila namna, wajuzi hukosea mara nyingi sana. Basi dalali aliyetazama meno alijua nini?

Alikosea hasa katika lile alilolitoza bei ya juu kuliko yote. Watoto hawakusahau. Katika Madagaska ya magharibi, wazao wa Wamakua waliovushwa katika karne ya 19 waliendelea kujiita Wamakoa. Huko Freretown karibu na Mombasa, iliyoanzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya waliookolewa majahazini, wazee waliwasimulia watoto wao habari za kutekwa kwao, na kwa masimulizi hayo James Mbotela akaandika kitabu chake cha Uhuru wa Watumwa, kilichotoka mwaka 1934. Na kusini, Durban, Waingereza walipeleka kuanzia mwaka 1873 mamia ya watu waliotolewa katika majahazi, wengi wao Wamakua wa Msumbiji ya kaskazini, wakawagawa kwa waajiri wa Natal kwa mikataba ya miaka mitano, nao wakakadiriwa kwa mara ya pili, safari hii na wakubwa wa serikali. Muda ulipokwisha walikaa pamoja King's Rest, juu ya ardhi ya wakfu ya Waislamu wenzao, wakaitwa Wazanzibari. Katika miaka ya 1960 serikali ya ubaguzi, iliyokuwa na daraja ya kila rangi na isiyojua iwatie katika ipi, iliwaandika kuwa ni Waasia wengineo na kuwahamishia Chatsworth. Nao wakaenda na Uislamu wao, na majina ya koo za mama zao, na lugha ya Kimakua, ambayo wajukuu wa watoto wale walikuwa wakiisema karibu miaka mia baada ya kutekwa.