Taa Iliyotoka Zizini

Mwenyeji wa Kisanga, wilayani Kilosa, jirani ya mbuga ya Mikumi, hahitaji kufundishwa uadui wa mbung'o. Inzi huyo huwaambukiza ng'ombe nagana, na nagana hufukarisha zizi. Mwaka 1952 Watkins na Woolfe wa Uingereza walitangaza dawa ya vijidudu vyake, ethidiamu, nayo ikadungwa mifugo ya Afrika. Mwaka 1966 Le Pecq na Paoletti wa Ufaransa walionyesha kuwa dawa hiyo, ijipenyezapo katika DNA, uzi wa urithi wa viumbe, hung'aa yapata mara 20 zaidi. Dawa ya zizi ikawa taa ya maabara.

Lakini taa hiyo haikuzimika kabisa nje ya DNA. Mwaka 1990 Jacqueline Barton na wenzake wa Marekani na Ufaransa walitumia kampaundi ya metali ya rutheniamu: majini ni kiza, kwa kuwa maji huizima, ikijificha baina ya vidato vya DNA, huwaka.

Basi, msomaji, tusiidhani elimu hii ngeni kwetu. Historia ikiwataja wataalamu, haki yataka imtaje na mchungaji, ambaye msiba wake ulitangulia nuru hiyo.