Kicheko cha Kashasha, 1962

Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya misheni ya wasichana huko Kashasha, karibu na Bukoba, wanafunzi watatu walianza kucheka na kulia bila kujizuia. Hadi shule ilipofungwa tarehe 18 Machi, 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa. Wasichana waliporudi kwao Nshamba, watu 217 wakapatwa huko. Madaktari hawakuona sumu wala vijidudu, na walimu hawakuguswa. Yaelekea hofu ilipita baina ya wale waliobeba mzigo mmoja. Basi, ndugu wachungaji, kundi likilia pamoja, iwe Bukoba au Mbalibali, tusikimbilie kutaja pepo wala Roho. Kwanza tuulize, wamelemewa na nini?