Usajili wa Wasanifu Majengo na Nyumba ya Mkulima: Fundisho Kutoka Milima ya Usambara

Kila jamii yenye matabaka hujiwekea utaratibu wa kuamua nani aitwe mjuzi. Daktari, mwanasheria, mhandisi na msanifu wa majengo waliwekewa daftari la majina kwa sababu mbili. Kwanza, wenye ujuzi walitaka kulilinda soko la kazi yao. Pili, umma ulihitaji kulindwa na kazi mbovu. Haja hizi mbili ni tofauti, na mara nyingi hupingana. Historia ya chombo cha taifa kinachowasimamia wasanifu majengo katika Tanzania Bara ni historia ya mvutano baina yake.

Makala hii inakusudia kuieleza historia hiyo, kisha kuipima mahali ambapo kada hana budi kuipimia kila sheria, yaani kijijini. Kipimo chetu kitakuwa Milima ya Usambara, katika wilaya ya Lushoto. Tumeichagua kwa sababu wakulima wa milima hiyo walikwisha kulipa taifa hili fundisho kubwa juu ya sheria za kitaalamu zinazoletwa kwa amri.

Asili ya daftari

Katika Uingereza sheria ya kuwasajili wasanifu majengo ilitungwa mwaka 1931. Sheria nyingine ya mwaka 1938 ilikataza mtu yeyote ambaye hakusajiliwa kujiita msanifu majengo. Kumbe hata katika nchi hiyo kongwe ya ubepari, daftari hili halijatimiza miaka mia moja. Lakini halikuchelewa kuvuka bahari. Katika Kenya, koloni la walowezi, sheria ya wasanifu majengo na wakadiriaji ilianza kazi mwaka 1934. Tujiulize: katika Kenya ya mwaka 1934, nani alikuwa na uwezo wa kumwajiri msanifu, na nani alikuwa na elimu ya kusajiliwa? Jibu linatosha kutuonyesha daftari lile lilikuwa la nani.

Tanganyika nayo ilitawaliwa kwa kanuni za ujenzi wa miji zilizogawa maeneo kwa rangi za watu. Uzunguni palikuwa na masharti yake, Uhindini yake, na Uswahilini yake. Kanuni ziliulizia unene wa ukuta na ukubwa wa kiwanja pale alipokaa mkubwa. Pale alipokaa mtu mdogo ziliulizia zaidi jinsi ya kumtenga.

Mji wa Lushoto wenyewe ni ushahidi. Wajerumani waliuita Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao, wakaufanya makao ya serikali na mahali pa walowezi kupumzikia kwa sababu ya hewa yake ya baridi. Mawe yalibebwa na Waafrika, mbao zilipasuliwa na Waafrika, lakini mpango wa mji ulikuwa wa mgeni na kwa faida ya mgeni.

Haina maana kwamba kabla ya hapo milima haikuwa na ujuzi wa kujenga. Mmisionari Krapf alipofika kwa Mfalme Kimweri mwaka 1848, alikuta Vuga ikiwa makao makuu ya dola la Wakilindi, mji uliojengwa kilimani kwa mikono na akili za Washambaa. Nyumba ya msonge ilikuwa na kanuni zake: mteremko, upepo, mvua, na nyasi za kuezekea. Kanuni hizo zilihifadhiwa na mafundi na wazee. Ukoloni haukuziandika mahali popote, na kwa kutoziandika ulizihesabu kuwa si elimu.

Uhuru bila wataalamu

Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961 ikiwa karibu haina msanifu majengo Mwafrika. Mafunzo ya fani hiyo katika Afrika Mashariki yalikuwa yameanza mwaka 1956 tu, katika Chuo cha Ufundi cha Kifalme, Nairobi. Beda Amuli, anayetajwa kuwa msanifu majengo wa kwanza Mwafrika wa nchi yetu, alisomea fani hiyo Israel. Soko la Kariakoo alilolisanifu lilifunguliwa mwaka 1975, miaka 14 baada ya uhuru. Hesabu hiyo yatosha kuonyesha ukubwa wa pengo tulilorithi.

Kwa hiyo baada ya uhuru shule, hospitali na ofisi za serikali ziliendelea kuchorwa kwa sehemu kubwa na makampuni ya kigeni, na kujengwa na makandarasi wenye mitaji yao. Taifa lilikuwa na bendera, lakini kalamu ya kuchora na rula ya kupimia vilikuwa mikononi mwa wengine.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilileta swali jipya. Ikiwa njia kuu za uchumi ni za umma, nani atausimamia ujenzi unaolipiwa na umma? Hatua zilifuatana. Mwaka 1968 ilitungwa sheria ya kuwasajili wahandisi. Mwaka 1971, ulipotolewa Mwongozo wa TANU, majumba makubwa ya kupangisha yalitaifishwa na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba. Mwaka huo huo kilianzishwa kitengo cha utafiti wa ujenzi mjini Dar es Salaam. Kisha mwaka 1972 ikatungwa Sheria Namba 35, iliyounda Bodi ya Taifa ya Wasanifu Majengo, Wakadiriaji na Makandarasi wa Majenzi.

Kada na aangalie vizuri umbo la Bodi ile. Msanifu anayechora, mkadiriaji anayehesabu gharama, na mkandarasi anayejenga waliwekwa chini ya paa moja. Katika desturi ya kibepari watu hawa hutenganishwa, na kila kundi hujitengenezea chama chake cha kulinda masilahi yake. Sheria ya mwaka 1972 iliutazama ujenzi kama kazi moja ya taifa. Hiyo ndiyo iliyokuwa nguvu yake. Udhaifu wake ulikuwa katika mpangilio huo huo: msimamizi na msimamiwa walikaa katika nyumba moja, na mkandarasi, ambaye kazi yake ni biashara, alichanganywa na mtaalamu ambaye wajibu wake ni kuikagua biashara hiyo.

Jambo la pili lililohitajika lilikuwa elimu, kwa maana daftari bila chuo hubaki daftari la wageni. Chuo cha Ardhi mjini Dar es Salaam kiliwekewa sheria yake mwaka 1974, na mafunzo ya usanifu majengo yakaanza hapo mwaka 1978. Mwaka 1996 chuo hicho kilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2007 kikawa Chuo Kikuu Ardhi. Hivyo vijana wa nchi hii walianza kuingia katika daftari kwa elimu waliyoipata nyumbani. Ushindi huu hausemwi sana, lakini bila huo maneno yote juu ya kujitegemea katika ujenzi yangebaki hewani.

Mageuzi ya mwaka 1997

Msukosuko wa uchumi wa miaka ya 1980, mapatano na Shirika la Fedha la Kimataifa ya mwaka 1986, na ubinafsishaji uliofuata katika miaka ya 1990, vilibadili mahusiano yote ya uzalishaji katika ujenzi. Benki ya Nyumba, iliyoanza mwaka 1973, ilikufa mwaka 1995. Mjenzi mkuu hakuwa tena serikali peke yake. Wenye fedha binafsi waliingia kwa kishindo.

Mwaka 1997 zilitungwa sheria tatu kwa pamoja: Namba 15 ya wahandisi, Namba 16 ya wasanifu majengo na wakadiriaji, na Namba 17 ya makandarasi. Bodi ya mwaka 1972 ikagawanyika. Wasanifu na wakadiriaji wakabaki pamoja katika bodi yao, na sheria yao ikaandikwa upya kwa Sheria Namba 4 ya mwaka 2010. Ndiyo bodi tuliyo nayo hadi leo, inayojulikana kwa jina la Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi.

Mgawanyo huo uliondoa kasoro moja: mkandarasi hakukaa tena katika bodi moja na anayemkagua. Lakini ulizaa kasoro nyingine. Mwananchi aliyepatwa na hasara sasa ana milango mitatu ya kubisha, na kila mlango unaweza kumwelekeza kwa mwenzake. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa nyingi lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam lilianguka na kuua watu zaidi ya 30. Bodi zote zilikuwapo na sheria zote zilikuwapo. Sheria bila macho ya umma ni karatasi.

Mlima na sheria

Sasa tupande Usambara. Kutoka Mombo hadi Soni, kutoka Lushoto hadi Mlalo na Mtae, nyumba zimeshika miteremko mikali. Mkulima huukata mlima apate uwanda mdogo, hujenga kwa udongo wa kukandika au matofali ya kuchoma, na huezeka kwa bati. Mvua kubwa ikinyesha, ukuta wa udongo uliokatwa nyuma ya nyumba waweza kuporomoka. Nyumba iliyosimama bila mfereji wa kuyapitisha maji hulowa msingi. Matofali nayo huchomwa kwa kuni, na kuni hutoka katika miti ile ile inayoushikilia mlima. Haya ndiyo masuala ya usanifu majengo ya Lushoto, na ni masuala ya uhai.

Nani huyashughulikia? Ni fundi wa kijijini. Hamo katika daftari la bodi yoyote, na mkulima hana fedha za kumlipa aliyemo. Hivyo sheria zote tulizozieleza, tangu mwaka 1972 hadi 2010, humlinda zaidi mwenye jengo kubwa la mjini.

Wako watakaosema: basi sheria na ipelekwe kijijini kwa nguvu, na kila nyumba isiyo na mchoro wa mtaalamu ibomolewe. Kwa hao, historia ya Usambara ina jibu. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuhifadhi udongo katika bonde la Mlalo, na baadaye ikaueneza katika sehemu nyingine za Usambara. Wakulima waliamriwa kulima matuta katika miteremko, na aliyekataa aliadhibiwa. Mmomonyoko ulikuwa wa kweli, na maofisa hawakuubuni. Lakini kazi ya matuta ilikuwa nzito, na kwa sehemu kubwa iliangukia mikono ya wanawake. Wakulima hawakuulizwa. Amri ilipitishwa kwa machifu, nao wakapoteza heshima yao mbele ya watu. Upinzani ulikua, wananchi wengi wakakimbilia TANU, na mwaka 1957 mpango ule ukaachwa.

Washambaa wana maneno mawili ambayo kila kada anayefanya kazi huko afaa kuyajua: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Kwa kipimo hicho mtawala alihukumiwa na raia zake. Matuta yaliletwa kwa jina la kuiponya nchi, lakini kwa kuwa yaliletwa kwa fimbo, wakulima waliyahesabu kuwa ni kuiharibu.

Kuanzia mwaka 1981 mradi mwingine wa kuhifadhi udongo, uliojulikana kama SECAP, ulianza kazi Lushoto. Tatizo lilikuwa lile lile na mlima ule ule. Tofauti ni kwamba taifa lilikuwa huru, na mkulima alishawishiwa kupanda majani ya kulishia ng'ombe na miti katika kontua, vitu anavyoviona faida yake mwenyewe. Ujuzi haukubadilika sana. Uhusiano baina ya mwenye ujuzi na mkulima ndio uliobadilika.

Wajibu wa kada

Kutokana na historia hii tunapata mambo matatu ya kufanyia kazi.

Kwanza, daftari la wataalamu ni chombo cha lazima. Anayetaka lifutwe kwa madai kwamba linawabana wanyonge anawapa wanyonge nyumba za kuwaangukia. Tatizo la kupambana nalo ni ufinyu wake, yaani kuishia kwa wenye uwezo wa kulipa.

Pili, ujuzi ushuke mlimani kwa njia ambayo mkulima anaweza kuushika. Halmashauri iwe na michoro michache ya nyumba zinazofaa miteremko, inayotolewa bure, yenye kueleza mfereji, msingi na umbali wa kuacha kutoka ukuta wa mlima. Fundi wa kijijini apewe mafunzo na kutambuliwa, kwa sababu ndiye msanifu wa walio wengi. Serikali za vijiji zina uwezo wa kutunga sheria ndogo tangu sheria ya mwaka 1982. Mkutano wa kijiji ukitunga wenyewe kanuni ya mahali pasipofaa kujengwa, kanuni hiyo itakuwa na walinzi wengi kuliko ofisa mmoja mwenye pikipiki.

Tatu, msanifu aliyesomeshwa kwa kodi ya mkulima wa viazi wa Lushoto ana deni kwa mkulima huyo. Deni hilo halilipwi kwa hotuba. Bodi iliyopewa na taifa madaraka ya kusema nani ni msanifu iulizwe pia, katika vikao halali, msanifu huyo anamtumikia nani.

Mwaka 1972 swali lilikuwa jinsi ya kuiweka kalamu ya kuchora mikononi mwa wananchi. Sehemu ya kwanza ya kazi hiyo imefanyika: wanaochora leo ni watoto wa nchi hii. Sehemu ya pili, ya kuhakikisha kwamba nyumba ya mkulima nayo inachorwa, bado inatungoja huko mlimani, na msimu wa mvua hausubiri maazimio.