Ramani Badala ya Kiwanda: Uundaji wa Ndege za Kompositi kwa Mikono ya Waundaji wa Ridhaa nchini Marekani, 1974–1997

Utangulizi

Historia ya usafiri wa anga baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia imeandikwa zaidi kama historia ya viwanda vikubwa, majeshi na mashirika ya ndege. Pembezoni mwake wapo watu waliounda ndege katika gereji za nyumba zao na kuzirusha wenyewe, si kwa biashara bali kwa mapenzi ya kazi hiyo. Wanapotajwa, aghalabu hutajwa kama wafuasi wa mbunifu mmoja mashuhuri, Burt Rutan wa California, na kazi ya mikono yao huhesabiwa kuwa mwangwi wa kipaji chake. Makala haya yanachukua mwelekeo tofauti. Yanajenga hoja kwamba jambo jipya lililotokea katika mji wa jangwani wa Mojave kuanzia mwaka 1974 halikuwa umbo la ndege, ingawa umbo ndilo lililovuta macho ya wengi. Jambo jipya lilikuwa kuhamishwa kwa kiwanda kutoka katika majengo na mashine kwenda katika maandishi. Ramani na maelezo yake vilibebeshwa kazi ambayo kwa kawaida hufanywa na kalibu, msimamizi na mkaguzi. Uhamisho huo uliibua swali zito: ndege iliyoundwa gerejini na mtu mmoja kwa ramani ya mtu mwingine inapoanguka, mtengenezaji wake ni nani?

Haki ya raia wa Marekani kujiundia ndege ilikuwa imetangulia. Mwaka 1952 mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi hiyo iliingiza katika kanuni zake daraja la ndege zinazoundwa na watu wa ridhaa, na mwaka 1953 Paul Poberezny na wenzake walianzisha huko Milwaukee chama cha waundaji hao, kinachojulikana kwa kifupi kama EAA. Sharti kuu lilikuwa kwamba sehemu kubwa ya kazi ifanywe na muundaji mwenyewe kwa kujielimisha au kujiburudisha. Katika mazungumzo ya kila siku sharti hilo huitwa kanuni ya asilimia 51. Ndege ya namna hiyo hulazimika kubeba maandishi yanayotangaza kuwa ni ya majaribio, na abiria huonywa kwamba haikutimiza masharti ya usalama yanayozihusu ndege za viwandani. Katika usajili, jina la mtengenezaji huwa ni la aliyeiunda, si la aliyeichora. Kipengele hiki kidogo cha kiutawala kitahitajika tena mbele.

Kutoka kalibu hadi povu

Nyenzo za kompositi ni zile zinazopatikana kwa kuunganisha nyuzi imara, kama nyuzi za kioo, na gundi inayoganda ikawa ngumu, kama epoksi. Matumizi yake katika ndege hayakuanzia Marekani. Tarehe 27 Novemba 1957 ndege isiyo na injini iitwayo fs 24 Phönix, kazi ya kikundi cha wanafunzi wa chuo kikuu huko Stuttgart, Ujerumani, iliruka ikiwa na ngozi ya nyuzi za kioo juu ya mbao nyepesi za balsa. Viwanda vya Ujerumani vilivyofuata njia hiyo viliunda mabawa laini kabisa, lakini kwa kutumia kalibu: kwanza huundwa umbo, kisha kutokana nalo hutengenezwa kalibu, ndipo bawa lenyewe hutandazwa ndani yake. Kwa atakayeunda ndege mia moja, gharama ya kalibu hugawanyika. Kwa atakayeunda moja tu, kalibu humgharimu kuliko ndege. Kwa sababu hiyo waundaji wa ridhaa wa Marekani waliendelea na mbao, mabomba ya chuma yaliyovikwa kitambaa, na bati la alumini.

Burt Rutan, aliyezaliwa mwaka 1943 na kuhitimu uhandisi wa ndege mwaka 1965, alifanya kazi katika kambi ya jeshi la anga ya Edwards hadi mwaka 1972. Miongoni mwa kazi zake ilikuwa kuchunguza jinsi ndege ya kivita ya F-4 inavyopoteza unyanyuzi na kuanza kuanguka kwa kuzunguka. Ndege yake binafsi ya kwanza, VariViggen, iliyoruka mwaka 1972, ilikuwa ya mbao, na bawa lake dogo lilikuwa mbele badala ya kuwa mkiani. Mpangilio huo ni jibu la aliyoyaona Edwards. Bawa dogo la mbele hupangwa lipoteze unyanyuzi kwanza. Pua hushuka yenyewe kabla bawa kuu halijafikia hatari hiyo. Baada ya muda mfupi wa kufanya kazi Kansas, mwaka 1974 Rutan alianzisha Mojave kampuni aliyoiita Rutan Aircraft Factory. Jina hilo lina kichekesho chake, kwa kuwa “kiwanda” hicho hakikuwauzia wateja ndege. Kiliwauzia karatasi.

Ndege iliyofanya karatasi hizo zitafutwe ni VariEze, ambayo jina lake likitamkwa kwa Kiingereza husikika kama “rahisi sana”. Iliruka kwa mara ya kwanza tarehe 21 Mei 1975, ikiwa na injini ya gari la Volkswagen. Miezi michache baadaye kaka yake Burt, Dick Rutan, aliyekuwa rubani wa kivita, aliirusha katika mkutano wa kila mwaka wa EAA huko Oshkosh na kuweka rekodi ya masafa ya zaidi ya kilomita 2,600 katika daraja la ndege zisizozidi kilo 500. Toleo kubwa kidogo, lenye injini ya Continental ya nguvu farasi 100, lilifuata, na ramani zake zikaanza kuuzwa mwaka 1976.

Siri ya VariEze ilikuwa kuipindua njia ya Wajerumani ndani nje. Badala ya kutandaza kitambaa ndani ya kalibu, muundaji alichonga kwanza kiini cha bawa kwa povu gumu la plastiki, kisha akakivika ngozi ya nyuzi za kioo. Povu hilo halikutolewa tena. Uchongaji wenyewe ulihitaji watu wawili. Vipande viwili vya kuongozea, vyenye umbo la bawa likikatwa mkato wa kando, viligongomelewa kila upande wa bonge la povu, na waya uliopashwa moto kwa umeme ukapitishwa juu ya kingo zake. Kwa kuwa bawa ni pana upande wa kiwiliwili na jembamba nchani, waya ulitakiwa kwenda kasi upande mmoja na polepole upande wa pili. Kingo zilitiwa alama zenye namba. Mmoja alizitaja kwa sauti, na mwenzake alihakikisha amefika kwenye namba ileile kwa wakati uleule. Mwenzi huyo mara nyingi alikuwa mke, mume, mtoto au jirani, na huo ni ushahidi mmoja kwamba ndege hizi hazikuwa kazi ya mtu mpweke kama zinavyosimuliwa.

Baada ya hapo kiini kilipakwa uji wa epoksi iliyochanganywa na chembe tupu za kioo ili kuziba vinyweleo vya povu, kisha vitambaa vikatandazwa. Mwelekeo wa nyuzi ulikuwa ndio nguvu yenyewe: nyuzi zilizolazwa kwa mshazari zilizuia bawa lisijipinde, na zilizolazwa kwa urefu zilibeba uzito. Epoksi ilisukumwa kwa kipande cha plastiki hadi kitambaa kilowe bila kuogelea, kwani gundi ikizidi huongeza uzito pasipo kuongeza nguvu. Kazi ikianza haikuwezekana kuiacha katikati, maana epoksi haingoji. Povu lenyewe lilikuwa na miiko yake. Lile la mabawa huyeyuka likiguswa na petroli. Lile lililochongwa kwa kisu kwa ajili ya sehemu zenye mikunjo halikuruhusiwa kukatwa kwa waya wa moto, kwa sababu hutoa moshi wenye sumu.

Ramani kama kiwanda

Katika kiwanda, ubora hulindwa na mkaguzi asiyeshiriki kazi. Gerejini hakukuwa na mtu huyo wa kudumu. Rutan alimweka mkaguzi mahali pawili. Kwanza, ndani ya nyenzo: nyuzi za kioo zilizolowa sawasawa hupitisha mwanga, na palipobaki hewa au ukavu huonekana weupe. Muundaji aliweza kuikagua kazi yake kwa macho na taa. Pili, ndani ya maandishi: maelezo yalimtaka mnunuzi aunde kwanza vipande vya mazoezi, avipime kwa mizani na kuvijaribu nguvu kabla ya kugusa sehemu yoyote ya ndege. Hata mizani ya kupimia uwiano wa gundi na kigandishi chake iliundwa nyumbani. Maelezo hayakumchukulia msomaji kuwa mhandisi, wala hayakumdharau; yaliandikwa kwa lugha ya mazungumzo, hatua baada ya hatua, yakieleza pia kosa linalovumilika na lile linalomlazimu mtu kutupa kipande na kuanza upya.

Hata hivyo ramani iliyokwisha kuuzwa haiwezi kuitwa irudi kiwandani. Kazi hiyo ilifanywa na jarida la kampuni, Canard Pusher, lililotolewa tangu mwaka 1974. Marekebisho ya ramani yalichapishwa humo yakiwa yameainishwa kwa uzito: yapo yaliyokataza ndege isiruke kabla hayajafanyika, yapo yaliyopendekezwa tu, na yapo yaliyosahihisha makosa madogo. Asiyelisoma jarida alikuwa anaunda, au anarusha, ndege ambayo mbunifu wake alikwisha kuibadilisha. Taarifa zilisafiri pande zote mbili. Mfano ulio wazi ni wa mvua. Baadhi ya marubani waliripoti kwamba wakiingia katika mvua, pua ya ndege hushuka na kuwalazimu kuvuta usukani. Sababu ilikuwa umbo la bawa dogo la mbele: matone yalivuruga mtiririko laini wa hewa uliotegemewa na umbo hilo, na unyanyuzi ukapungua. Dawa ilipatikana katika miaka ya 1980, pale John Roncz alipobuni umbo jingine kwa ajili ya Long-EZ, ndege kubwa zaidi iliyoruka kwanza mwaka 1979. Katika kisa hiki waundaji walikuwa marubani wa majaribio wa ndege waliyokwisha kuiamini.

Mipaka kati ya mteja na mfanyakazi nayo ililegea. Mike Melvill, fundi mzaliwa wa Afrika Kusini, aliunda VariViggen pamoja na mkewe Sally, wakairusha hadi Mojave, na wote wawili wakaajiriwa na Rutan. Mwaka 2004 Melvill ndiye aliyekuwa rubani wa SpaceShipOne ilipovuka mpaka wa anga za juu. Njia ya kutoka gereji hadi huko haikuwa ya wengi, lakini ilikuwapo.

Nani mtengenezaji?

Mwaka 1985 Rutan Aircraft Factory iliacha kuuza ramani, ingawa iliendelea kuwahudumia waliokwisha kuzinunua. Uamuzi huo haueleweki bila kutazama mahakama. Tangu mwaka 1963 Mahakama Kuu ya California, katika shauri la Greenman dhidi ya Yuba Power Products, ilikuwa imeweka kanuni kwamba mtengenezaji huwajibika kwa madhara ya bidhaa yenye kasoro hata pasipo kuthibitishwa uzembe wake. Inafaa kukumbukwa kwamba mlalamikaji katika shauri hilo alijeruhiwa na mashine ya useremala katika karakana ya nyumbani kwake. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 gharama za mashtaka na bima zilikuwa zimewabana hata wakubwa. Mwaka 1986 Cessna ilisimamisha uundaji wa ndege zake ndogo za injini moja ya pistoni, na haikurudi kwenye kazi hiyo hadi baada ya sheria ya mwaka 1994 iliyoweka ukomo wa miaka 18 kwa madai. Kwa mwenye kuuza karatasi hatari ilikuwa ya aina yake. Kwa mujibu wa usajili hakuwa mtengenezaji. Mbele ya mahakama hakuweza kuwa na uhakika kwamba angeendelea kutokuwa.

Baadhi ya maandishi huuchukulia mwaka 1985 kama mwisho wa enzi. Tathmini hiyo inatia chumvi. Ramani ambazo hazijatumika ziliendelea kupita mikono. Nat Puffer alikwisha kubuni Cozy, yenye asili yake katika Long-EZ na yenye viti vya mbele vinavyokaa sambamba. Wengine waliurudisha ukaguzi kiwandani kwa njia ya nusu kwa nusu: ndege ya Glasair, iliyoanza kuuzwa mapema miaka ya 1980, ilimfikia mnunuzi ikiwa vipande vilivyokwisha kutolewa katika kalibu, naye akabaki na kuunganisha. Ndugu wa Klapmeier walianza na ndege ya vipande, VK-30, wakaishia na Cirrus SR20 iliyopata cheti kamili mwaka 1998. Umaarufu wa Voyager, iliyozunguka dunia bila kutua wala kuongeza mafuta mwezi Desemba 1986 ikiwa na Dick Rutan na Jeana Yeager, ulizidi wa zote hizo. Lakini Voyager ilikuwa moja, na haikukusudiwa kuigwa gerejini.

Swali la uwajibikaji lilijitokeza hadharani tarehe 12 Oktoba 1997, pale mwimbaji John Denver, rubani mwenye uzoefu wa miaka mingi, alipokufa baada ya Long-EZ aliyotoka kuinunua kuanguka baharini karibu na Pacific Grove, California. Hakuwa ameiunda yeye. Uchunguzi wa serikali ulibaini kwamba mafuta yalikuwa machache na kwamba vipimo vya mafuta havikuwa na alama. Vali ya kubadilisha tangi ilikuwa nyuma ya bega la kushoto la rubani. Kuifikia kulimlazimu kugeuka, na katika kugeuka huenda mguu hukandamiza usukani wa mkia; wachunguzi walihitimisha kwamba ndivyo ilivyotokea. Walitaja pia kutojaza mafuta kabla ya kuruka, na mafunzo haba juu ya aina hiyo ya ndege. Miongoni mwa sababu zilizochangia waliuweka uamuzi wa muundaji wa kwanza kuiweka vali mahali pale, mbali na ilipochorwa. Alikuwa amekusudia kupunguza hatari, ili mabomba ya mafuta yasipite katika chumba cha rubani. Katika ramani, vali hiyo ipo mbele, katikati ya miguu ya rubani.