Usinunue jina: historia fupi ya lampe za ampli ya gitare



Mwaka 2023 kwaya moja ya hapa Bukavu iliniita. Ampli yao ya gitare, ya zamani, ya lampe, ilianza kukoroma, kisha ikanyamaza kabisa. Juu mimi nilisoma elektronike, wakaona njo mimi naweza. Walichanga dola kidogo kidogo, wakanipa, wakasema: "Enjenyeri, utuletee lampe mpya mbele ya Pasaka."

Nilifungua ampli: lampe mbili kubwa za 6L6 na tatu ndogo za 12AX7. Kwenye intaneti nikakuta lampe za namba moja, bei tofauti kabisa. Mjini, muuzaji mmoja alikuwa na mbili za EL34, bei nafuu. "Miguu ni minane, sawasawa na zako," akasema, "inaingia tu." Ni kweli, inaingia. Nilikuwa karibu kulipa. Kwa bahati nilipitia kwanza kwa papa mmoja, fundi wa radio tangu zamani. Aliniuliza neno moja: "Mwana, unanunua jina ao unanunua kitu?"

Nilikosa jibu. Njo maana nikarudi nyuma kutafuta historia.

Lampe ya kwanza ilitoka Uingereza mwaka 1904, kwa mikono ya John Ambrose Fleming. Ilikuwa na sehemu mbili tu. Mwaka 1906 Mmarekani Lee de Forest akaongeza ya tatu katikati, kama wavu. Pale njo kazi ilianza. Ndani ya kioo kisicho na hewa, waya inawaka, elektroni zinaruka, na wavu ule unazifungulia ao unazizuia. Sauti ndogo ya gitare ikiingia kwenye wavu, inaongoza mkondo mkubwa wa umeme. Waya ile inayowaka ni tungsten, mtoto wa wolframite. Ndiyo, wandugu, ile T moja ya 3T tunazosikia kila siku hapa Kivu. Muiweke akilini, tutairudilia.

6L6 ilitolewa na kampuni ya RCA mwaka 1936, mbele hata ya vita ya pili. Gitare ya umeme ilikuwa ingali changa. Leo Fender, aliyekuwa fundi wa radio kule Fullerton, California, alianzisha kampuni yake mwaka 1946, na kisha akaingiza 6L6 na ndugu zake ndani ya ampli kubwa. Mwaka 1947 transistore ikazaliwa kwenye maabara ya Bell, na mwisho wa lampe ukaanza kuhesabiwa. Lakini wapiga gitare walikataa kuiacha. Ukiisukuma kupita nguvu yake, lampe haikati sauti ghafla. Inaibana polepole, gitare inakwaruza lakini inabaki tamu. Kwa fundi wa radio ile ilikuwa kasoro. Kwa vijana wa rock ilikuwa ndiyo sauti yenyewe.

Sasa sikilizeni namna uchaguzi wa lampe unavyokwenda na fasi mtu anakaa. Kule London, Jim Marshall, aliyekuwa mpiga ngoma na mwenye magazini, alitaka ampli ya kushindana na za Fender. Yeye na mafundi wake walifuata mpango wa Fender Bassman, na ampli yao JTM45 ikatoka mwanzoni mwa miaka ya 1960. Za kwanza zilitumia 5881, ndugu ya 6L6, kutoka Marekani. Baadaye wakaingia kwenye KT66 ya Waingereza, kisha EL34, iliyotoka katika familia ya Philips na Mullard. Lampe za karibu zilikuwa rahisi kupata kuliko za ng'ambo. Ile sauti ambayo watu wengi wanaita "sauti ya Kiingereza" ilitokana kwa sehemu kubwa na soko. Lakini mwone vizuri: walipobadilisha lampe, walirekebisha na ampli.

Hapo nikaelewa hatari ya EL34 za bei nafuu. 6L6GC moja inahitaji ampere 0.9 ili iwake. EL34 moja inahitaji 1.5. Kwa mbili, unatoka 1.8 unafika 3. Transfo ya kwaya haikutengenezwa kubeba mzigo ule. Tena mguu wa kwanza wa EL34 una kazi ambayo 6L6 haina. Miguu kuingia kwenye soketi si kukubaliana. Ningechoma transfo ya watu kwa mchango wa watu.

Na bei tofauti za namba moja je? Kwanza, majina yenyewe yanachanganya: 12AX7 ya Wamarekani na ECC83 ya Ulaya ni kitu kimoja. Pili, kufika miaka ya 1980 viwanda vikubwa vya lampe za sauti vya Magharibi vilikuwa vimefunga ao viko njiani kufunga. Waliobaki na mashine na ufundi walikuwa wale waliochekwa: Urusi, Czechoslovakia, China. Mwaka 1976 rubani Viktor Belenko alikimbia na ndege yake ya kivita MiG-25 kutoka Usovieti mpaka Hakodate, Japani. Wataalamu wa Magharibi walipoifungua wakakuta lampe ndani, na wengi wakacheka. Leo wapiga gitare wa nchi zao wananunua lampe zilizotoka kwenye ufundi wa upande ule. Kiwanda cha Saratov, Urusi, kilichonunuliwa na kampuni ya Mike Matthews wa New York, kinatoa lampe zenye majina ya zamani: Tung-Sol, lililokuwa la Marekani, na Mullard, lililokuwa la Uingereza. Jina lilinunuliwa, mashine ni zingine. Si kusema ni mbaya, hapana. Ni kusema jina la kwenye katoni halikuambii kitu kilitoka wapi.

Mwezi wa tatu 2022, baada ya vita ya Ukraine kupanuka, Urusi ilifunga usafirishaji wa bidhaa nyingi, lampe ndani. Duniani viwanda vikubwa vya lampe za gitare vilikuwa vinahesabika kwa vidole: Urusi, China, na JJ kule Slovakia, iliyozaliwa katika ufundi wa Tesla ya Czechoslovakia. Maduka yakaishiwa, bei zikapanda. Baadaye njia ilifunguliwa tena, lakini kila mtu alikuwa ameona uzi ni mwembamba kiasi gani.

Basi nilichagua nini? Sikununua tano. Lampe ndogo zinadumu miaka mingi; tulizipima, zote tatu zilikuwa nzima. Niliagiza 6L6GC mbili za Slovakia, zilizopimwa pamoja ili zivute umeme sawa, zikafika ndani ya mzigo wa ndugu aliyetoka Bruxelles. Papa fundi alisubiri kondasateri zimwage umeme wake kabla ya kugusa kitu, juu ndani ya ampli ya vile volti zinaweza kupita 400 na kuua hata kama umechomoa fishi. Kisha akarekebisha mkondo kwa lampe mpya. Mimi mwenye diplome nilikuwa nashika torchi.

Pasaka ampli ililia. Pesa iliyobaki nikairudisha kwa kwaya.

Lakini sikulala vizuri. Tungsten iko kwenye milima yetu, na lampe ya waya fupi tu ya tungsten inatoka Slovakia ndani ya valizi. Wale watu wa Čadca na Saratov hawakuwa na kitu cha ajabu: walikataa kutupa mashine na kusahau kazi wakati dunia ilisema imepitwa. Sisi, wale wenye kujua kazi, ni kama yule papa, na hana hata mwanafunzi mmoja. Tangu mwezi ule naenda kwake kila siku ya posho. Nani kati yenu atakuja tukae wawili?

Mubaki na amani.